Msimrudishe mgonjwa wa kiharusi nyumbani na kandambili

Mhariri,

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea kiatu cha mumewe kwenye kibanda changu hapa Kariokor. Kiatu cheusi cha ngozi, cha mguu wa kulia, nambari 43. Alitaka nibadilishe soli tu. Nilipoingiza mkono ndani nikakuta vishimo vinne vimechimbika kwenye soli ya ndani, kila kidole na chake, na cha tano, cha kidole gumba, kimetoboka hadi kwenye mpira. Nikamwomba anionyeshe cha kushoto. Kilikuwa kizima kama kimenunuliwa jana. Nikamuuliza, "Mama, mzee alipata kiharusi lini?" Akanitazama kama niliyemsomea kiganja, maana alikuwa hajaniambia chochote kuhusu ugonjwa.

Mimi si mpiga ramli. Kiatu changu mwenyewe cha kushoto kina vishimo hivyohivyo.

Nakuandikia kwa sababu ya makala yenu kuhusu kiharusi. Mlieleza presha, chumvi, uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, na kwamba mtu akimbizwe hospitali bila kungoja. Sina ugomvi na hata mstari mmoja. Lakini mgonjwa wenu alipofika mwisho wa ukurasa "akaruhusiwa kwenda nyumbani", mkaweka nukta. Mimi niliruhusiwa kwenda nyumbani mwaka 2022 na hadi leo sijaiona hiyo nukta.

Nimeshona viatu kwa miaka 31. Julai hiyo, asubuhi ya ile baridi ya Nairobi inayofanya hata msumari ukatae kushikika, nilikuwa natia ukanda kwenye akala, kiatu kikaniponyoka mkono wa kushoto. Nikakiokota. Kikaponyoka tena. Mara ya tatu jirani yangu auzaye mikoba akacheka, "Fundi, leo umeamkia upande gani?" Nikataka kumjibu, mdomo ukatoa maneno kama uji. Wapo waliosema ni upepo mbaya, nipelekwe kuombewa, na wapo waliosema teksi iitwe. Mabishano hayo yalikula mchana wote. Baadaye nilikuja kujua kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa umeziba wala haukupasuka. Mimi nilifika jua likitua. Vidonge vya presha nilikuwa nimeviacha miezi mitano kabla, kwa kuwa nilijiona mzima. Hayo mmeyaandika vizuri, siyarudii.

Nilikaa wodini siku 11. Katika siku hizo mtu mmoja tu aliugusa wayo wangu, daktari aliyeukwaruza kwa ufunguo aone vidole vitaelekea wapi. Vilielekea juu. Akaandika, akaenda zake. Siku ya kutoka nilipewa vidonge, karatasi yenye tarehe ya kliniki, na maneno mawili: "fanya mazoezi". Mazoezi yapi, hakuna aliyesema. Mguuni nilivaa kandambili alizoniletea binti yangu, kwa sababu ndizo rahisi kumvisha mtu ambaye hawezi kuinua mguu. Hizo kandambili nitazirudia.

Mwanzoni mguu ulikuwa mlegevu kama kamba ya mgomba iliyoloweshwa. Niliuburuta. Karibu wiki ya saba vidole vikaanza kujikunja. Nikikaa vinatulia kiasi, nikisimama na kupiga hatua vinafumbata kama kucha za mwewe juu ya kifaranga. Uzito wote unaangukia ncha za vidole, kucha zinachimba, na kidole cha pili kikaota sugu pale kifundo chake kilipokuwa kikisugua ngozi ya juu. Nilikuwa nikitembea kutoka kitandani hadi chooni na jasho linanitoka.

Nikalaumu kiatu. Ndiyo kazi iliyonilisha, kulaumu kiatu. Nilikipanua mara tatu kwa kile kiguu cha mbao, nikakata ngozi ya mbele, nikatia kiraka kipana. Vidole vikapata nafasi ya kujikunja vizuri zaidi. Kisha akaja mkandaji, aliyeletwa na jirani mwenye nia njema, shilingi 500 na mafuta yanayonuka karafuu. Akavishika vidole vyote kwa pamoja, akavivuta ghafla kama ang'oaye jino. Mguu mzima ukaanza kutetemeka wenyewe, tak-tak-tak, kisigino kikipiga sakafu, na vidole vikarudi kujifunga kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa siku mbili kifundo kilivimba.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, umri sawa na kitindamimba wangu. Sikumwambia habari ya mkandaji; aliiona kwenye uvimbe. "Mzee wangu," akasema, "vidole havina kosa." Akapeleka mkono kwenye shavu la mguu. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko huku juu, nyuma ya mfupa, akaniambia, na kano zake zinashuka, zinazunguka nyuma ya kifundo, zinapita chini ya wayo hadi kwenye ncha za vidole, kama kamba zinazovutwa kutoka ghorofani. Ubongo ndio unaosema shika, na ndio unaosema achia. Kwangu mimi amri ya kuachia imekatika njiani, misuli imebaki na amri moja. Ukiivuta haraka inakaza kujihami. Ukiivuta polepole inasahau.

Nikamwambia, "Hiyo ni ngozi, daktari." Ngozi kavu ukiivuta kwa pupa inapasuka au inakurudia usoni. Unailowesha, unaipa joto, unaivuta kidogo, unaishikilia hapo, ndipo unaongeza. Akacheka, akasema basi mimi ni mwanafunzi aliyekuja ameshasoma. Lakini kuna mambo ambayo nisingeyajua hata ningeshona viatu miaka mia.

La kwanza ni mpangilio. Wengi wetu huanza kwa kuinua kifundo juu, halafu ndipo tunapambana na vidole. Hapo kamba zote zimeshakazwa, huvifungui hata kwa patasi. Nilifundishwa kuketi, mguu mgonjwa juu ya goti la mzima, niuache wayo uelekee chini kwanza. Kano zikilegea, vidole vinafunguka kwa mkono mmoja. Navishika karibu na mashina yake, si kwenye ncha, navinyoosha. Vikiwa vimenyooka ndipo nauinua wayo mzima taratibu hadi nihisi mvuto kwenye shavu la mguu, si maumivu, nahesabu hadi 30, naachia polepole. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Hesabu yenyewe nahesabu kwa sauti, kwa kuwa kiharusi kiliniachia ulimi mzito nao unahitaji kazi.

Kabla ya hapo natia mguu kwenye beseni la maji vuguvugu dakika kumi, hasa Juni na Julai, maana baridi nayo hukaza vidole. Maji hayo huyapima mke wangu kwa kiwiko. Mguu wangu hausikii moto sawasawa, na mara ya kwanza nilijipimia mwenyewe kwa mguu huohuo nikatoka na malengelenge.

Jambo la pili ndilo hasa lililonisukuma kukuandikia. Ukiuliza mtu yeyote mtaani, hata vijana wanaotazama video kwenye simu, atakwambia mazoezi ya vidole ni kutandaza taulo sakafuni na kulikusanya kwa vidole, au kuokota gololi na kuzitia kikombeni. Nilifanya hivyo mwezi mzima kwa bidii ya mwanafunzi wa mtihani. Nikawa bingwa wa kukunja, na kukunja ndiko kulikokuwa ugonjwa wangu. Yule binti aliponiona nikijivunia taulo langu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na kuliachia unaliachia vipi?" Nililiachia kwa kulivuta kwa mkono.

Kwa mwenye vidole vilivyolegea, taulo ni kazi halali. Kwa sisi ambao vidole vimeshajifunga, kushika hakuhitaji mwalimu. Akanibadilishia hesabu: nishike mara moja, kwa nguvu kidogo tu, kisha nitulie, nipumue, nitazame vidole, niviamuru vifunguke. Kinachohesabiwa ni kuachia. Siku ya kwanza niliachia mara mbili katika robo saa. Mjukuu wangu ndiye karani, huchora mistari nyuma ya daftari lake la hesabu. Siku hizi tunafika 20 kwa kikao kimoja kabla mguu haujachoka, na ukichoka tunaacha, kwa sababu uchovu nao hukaza vidole.

Kuna zoezi jingine linaloonekana la kitoto. Nakaa kwenye kigoda, nyayo zote mbili chini, nainua vidole vyote juu huku kisigino na ule mto ulio nyuma ya vidole vikibaki sakafuni. Wa kulia unafanya, wa kushoto unatazama. Kwa wiki tisa mguu wa kushoto haukufanya chochote. Nilikuwa nauamuru kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Wiki ya kumi kidole gumba kiliruka kidogo, kama mkia wa mjusi uliokatika. Mke wangu aliacha ugali jikoni akaja kuangalia, nikashindwa kurudia. Kesho yake kikaruka tena. Nimesikia watu wakiambiwa kwamba usichokipata ndani ya miezi mitatu hutakipata kamwe. Ni kweli miezi hiyo ya mwanzo ndiyo mguu hurudi kwa kasi, lakini kidole changu hakikuisoma hiyo kalenda.

Mengine nayapitia haraka. Nasimama nikielekea ukuta, mguu mgonjwa nyuma, kisigino chini, naegemea taratibu hadi shavu la mguu livutike. Nasimama na kuketi kwenye benchi mara kumi huku meza ikiwa karibu ya kushika, uzito niuweke makusudi kwenye mguu ninaouogopa. Na nausugua wayo juu ya mti wa kusukumia chapati, mbele na nyuma. Huo mti ulikuwa na mwenyewe, mke wangu. Alinunua mwingine Gikomba, na ule wangu umechorwa alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu ili pasitokee ajali ya chakula.

Onyo moja. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na linauma, usikande wala usivute. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na vidole vikikaza ghafla kuliko kawaida bila sababu, kuna sababu mahali. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, kufunga choo, kidonda usichokihisi. Mwaka jana vilikaza wiki nzima, nikaongeza mazoezi, vikakaza zaidi. Ilikuwa ukucha wa kidole gumba umeingia nyamani. Ulipokatwa na kutibiwa, vidole vikarudi palepale vilipokuwa.

Sasa kandambili. Hapa nazungumza kama fundi, naomba mniruhusu nitambe kidogo. Kandambili haina kitu cha kuishikilia kisigino wala kifundo. Inakaa mguuni kwa sababu vidole vinaikamata. Vua viatu sasa hivi, Mhariri, uvae zako za bafuni utembee hatua kumi ukijichunguza, utaviona vidole vikishika kila unapoinua mguu. Mtu mzima hashtuki. Mtu wa kiharusi anapewa kiatu kinachomfundisha kukunja vidole kila hatua, toka wodini hadi sebuleni, kisha tunashangaa kwa nini vimekunjika. Juu ya hilo zinateleza na kukwaza mguu unaoburuta.

Kiatu chake kiwe na kina mbele, si upana tu, ili kifundo cha kidole kilichojikunja kisigongwe juu. Kifunguke hadi chini ili mguu uingie bila kusukumwa, kifungwe juu ya wayo kwa kamba au velkro, kisigino kishikwe, soli iwe bapa na isiyoteleza. Mitumbani Gikomba vipo, ukichagua kwa kuingiza mkono badala ya kutazama urembo. Vile vyenye mdomo mrefu kama wa kunguru achana navyo. Mimi nilijitengenezea na kijimto cha sponji ya soli, unene wa kidole, kinachokaa chini ya vikunjo vya vidole ili ncha zisichimbe sakafu. Yule binti wa tiba ya viungo alikikagua akakikubali kwa sharti: dakika 20 za kwanza, kisha nivue nitazame ngozi, na nikiona wekundu usioondoka, nikipunguze. Nimewashonea watu wanne vijimto hivyo, na wote niliwapa sharti hilohilo.

Wapo wanaohitaji zaidi ya sponji. Kuna kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo na wayo, na pale Waiyaki Way chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, kina karakana ya vifaa vya namna hiyo. Kuna vidonge vya baklofeni vya kulegeza misuli. Mimi vilinilaza usingizi juu ya cherehani nikaomba vipunguzwe. Kuna sindano ya Botox, ileile ya wenye nazo wanaoondoa makunyanzi. Hulegeza msuli kwa kama miezi mitatu, na ndani ya hiyo miezi ndipo ufanye kazi ya kuvinyoosha vidole, la sivyo fedha imekwenda na maji. Bei niliyotajiwa niliuliza mara mbili nikidhani sikusikia. Na kwa vidole vilivyogoma kabisa, kuna upasuaji wa kulegeza kano.

Lakini hata mwenye vyote hivyo atapanda matatu. Ngazi ya kwanza ya matatu ni ndefu, na makanga hana muda. "Mzee songa, mzee panda!" Kila anapopiga bodi vidole vyangu vinafumbata zaidi, kwa kuwa haraka na woga navyo ni baridi ya aina yake. Nimejifunza: kupanda natanguliza mguu mzima, kushuka natanguliza mgonjwa. Na kabla ya kupanda nasimama sekunde kumi, navifungua vidole ndani ya kiatu, hata wakinitukana. Juzi kijana mmoja makanga aliniuliza naomba dua au vipi. Nikamwambia nasubiri vidole. Akaegemeza mkono mlangoni akasubiri navyo, na gari likapigiwa honi na yote yaliyokuwa nyuma.

Mtaa huu wa Kariokor umepewa jina la wale wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, walioitwa Carrier Corps, na sanamu iliyoko Kenyatta Avenue imeandikwa kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Huwa napita pale nikienda kununua gundi. Hakuna anayeangalia miguu ya wale mashujaa wa shaba. Mimi siku hizi ndiyo ninayoitazama kwanza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena kuhusu kiharusi, na najua mtaandika kila Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, inapofika, karibu na ule mchoro wa uso uliopinda wekeni mchoro wa wayo: wayo uelekee chini, vidole vifunguliwe, ndipo wayo uinuliwe. Na walio kwenye wodi za kaunti yetu, kabla hawajamtia mzee kwenye kiti cha magurudumu cha kwenda getini, mmoja wao amwonyeshe mkewe au binti yake jinsi ya kuufungua huo mguu, kwa dakika kumi tu, na aangalie kilichoko miguuni.

Yule mama atarudi Jumamosi kuchukua kiatu. Soli ya nje nimeshaibandika. Ya ndani sijaigusa. Nimemwambia aje na mwenye mguu.

Fundi wa viatu,
Kariokor, Nairobi